Swali la Mwisho kwenye Tableti

Tableti zilifika Wamaza ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa mipira nyuma ya moto, pikipiki ya Hervé, kijana wa mradi wa kusoma, na plaki ya jua ya kuzichajia imeviringishwa blanketi ili isipasuke njiani. Sanduku halijafunguliwa, watu walishaanza kuulizana nani amezituma na anataka nini. Madamu Émérance hakuona ubaya wa swali hilo. Alikuwa mtu wa Kasongo, alikuwa amefundisha kalasi ya tatu pale kwa miaka michache tu, na alikuwa amekwisha kujifunza kwamba katika teritware, yaani wilaya, ya Kabambare mtu akikuletea kitu cha bure, unakigeuza pande zote kabla ya kusema asante.

Yeye mwenyewe alizipokea kwa furaha. Watoto wake walijua kutamka, si kuelewa. Mtoto alisimama, akasoma ukurasa mzima kama anaimba, silabi kwa silabi, na ukimuuliza habari ile ilikuwa ya nani, anakutazama kama umemsemesha kwa lugha ya ng'ambo. Vitabu vilikuwa kimoja kwa benchi zima, na aliyekaa pembeni aliona nusu ya ukurasa. Émérance alikuwa amejaribu kila njia aliyofundishwa, na nyingine za kubuni, mpaka akachoka.

Sasa kila watoto wawili walipata tableti moja. Maandishi yalikuwa ya Kiswahili, makubwa, na sauti ya mwanamke ilisoma polepole huku neno linalosomwa likigeuka rangi. Mtoto akigusa neno asilolijua, sauti ilimweleza. Katikati ya habari ilisimama na kuuliza: unadhani sasa atafanya nini? Na mwishoni lilikuja swali ambalo halikuwa na majibu ya kuchagua. Lilimuuliza mtoto jambo la maisha yake mwenyewe lililofanana na habari aliyosoma, naye alijibu kwa mdomo, ameinama juu ya kifaa, na sauti yake ikabaki humo ndani. Mwisho wa mwezi Hervé alipita na moto yake, akakusanya sauti za shule zote za njia ile, akazipeleka kwenye ofisi ya mradi huko Kasongo. Huko ndiko zilikopewa alama. Émérance alifurahia hilo pia, kwa kuwa lilimpunguzia kazi.

Watoto walilipenda swali la mwisho kuliko yote. Aliyeona haya mbele ya wenzake hakuona haya mbele ya kioo cha tableti. Esther-Divine alikuwa mmoja wao. Alikuwa amefika na mama yake, Waridi, kutoka Salamabila katika kiangazi kilichopita, na tangu aandikishwe hakuwa amesema kalasini zaidi ya jina lake. Mama aliuza sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, pale sokoni. Alisema mume wake alifia kwenye mashimo ya dhahabu, na watu wakampa pole, kwa kuwa vifo vya namna hiyo vilikuwa vingi.

Siku moja walisoma habari ya baba aliyekwenda kufyeka shamba la mbali. Watoto wake walimwekea sehemu yake ya bugali kila jioni, na kila asubuhi waliikuta imekauka. Swali la mwisho lilisema: Na kwenu, nani hayuko nyumbani? Yuko wapi?

Émérance alipita kati ya mabenchi, akamwona Esther-Divine ameziba mdomo kwa viganja viwili, ananong'ona ndani ya tableti muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Hakusikia maneno. Aliona tu kwamba mtoto ambaye hakuwa akisema sasa anasema, akajiambia kwamba kazi imeanza kuzaa. Kesho yake Hervé alifika, akakusanya sauti, akaendelea na safari kuelekea Salamabila, ambako mradi ulikuwa na shule nyingine, ndipo arudi Kasongo.

Waridi alikuja shuleni kama juma moja baadaye, watoto wakiwa wameshatawanyika. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, beseni lake la sombe kichwani.

"Madamu, ile mashini inapeleka sauti ya watoto wapi?"

"Kasongo, mama Esther. Kwa ofisi."

"Na Kasongo, nani anasikiliza?"

"Watu wa mradi. Wanaangalia kama mutoto amesikia habari, kama ameelewa."

"Ya Esther imo bado?"

Émérance akamwambia kwa fahari kwamba Hervé alishazibeba zote, na kwamba Esther-Divine alikuwa amejibu vizuri sana, kuliko siku zote. Waridi alishusha beseni chini polepole. Akamtazama mwalimu usoni, si kwa hasira, bali kama mtu anayetafuta kitu kilichofichwa pale.

"Wewe ndiye ulimufundisha aseme vile?"

Émérance alisema hapana, swali lilikuwa la tableti, yeye hakujua hata mtoto alisema nini. Waridi aliinama. Alijitwisha beseni lake, akaondoka, na kesho yake kiti cha Esther-Divine kilikuwa kitupu.

Habari ilienea kuliko alivyodhani. Baada ya siku chache kalasi ilikuwa imebaki nusu, kisha chini ya nusu. Mzee Faradji, prezida wa komite ya wazazi, aliitisha mkutano pale shuleni. Alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, amesoma hadi sekondari, mtu asiyepandisha sauti. Alianza kwa kushukuru mradi. Halafu akasema kwamba ametembea nyumba kwa nyumba na kuuliza watoto wameulizwa nini. Wameulizwa baba anafanya kazi gani. Wameulizwa kitu cha thamani nyumbani kinawekwa wapi. Wameulizwa nani hayuko.

"Madamu," akasema, "ukitaka kujua kama mutoto amesikia habari ya kitabu, unamuuliza habari ya kitabu. Ya kwake ni ya nini?"

Émérance alieleza jinsi alivyofundishwa: kwamba mtoto akiunganisha habari na maisha yake, maana inaingia na haitoki. Alitoa mifano. Alisema kwamba watoto waliokuwa wanaimba silabi sasa wanabishana juu ya habari mpaka njiani wakirudi nyumbani. Yote yalikuwa kweli, na wazazi wengine walitikisa kichwa kukubali, maana walikuwa wameyasikia mabishano hayo.

"Basi aunganishe ndani ya moyo wake," Faradji akasema. "Kwa nini sauti inabebwa?"

Mwanamke mmoja akauliza kwa nini mwalimu wa Kasongo ndiye aliyechaguliwa kuletewa tableti. Mwingine akasema kwamba mwaka ule watu wa pori, wale wenye bunduki, walipoingia, walijua nyumba zipi zina dhahabu, wakaenda moja kwa moja bila kupotea, na mpaka leo hakuna aliyejua nani aliwaonyesha. Faradji hakuwakataza. Akamuuliza Émérance, mbele ya wote, mradi unampa nini. Alijibu kwamba hawampi kitu, na akaona kwenye macho yao kwamba jibu hilo limemharibia zaidi. Nani anafanya kazi ya namna ile bila kupewa kitu?

Alirudi kalasini amekasirika. Akawaza kwamba watu hawa watabaki hivyo hivyo, na watoto wao wataimba silabi mpaka uzeeni. Akafungua sanduku, akatoa tableti moja, akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu zifike. Alisikiliza. Sauti alizobeba Hervé zilikuwa zimenakiliwa tu, zenyewe zilibaki ndani. Alitaka apate majibu mazuri ya kuwasomea wazazi katika mkutano mwingine, waaibike.

Mtoto wa kwanza alisema baba yake ana mizani ya dhahabu chini ya kitanda. Wa pili alisema kaka yake hayuko, yuko Salamabila, lakini mama amekataza kusema. Mwingine alisema kwao hakuna anayekosekana, ila baba halali nyumbani sikukuu zikikaribia, analala kwa jirani, kwa sababu ya wezi. Walisema kwa sauti za furaha, za watoto wanaojua wamejibu vizuri. Na kweli walikuwa wamejibu vizuri. Walikuwa wameielewa habari ya yule baba na bugali yake, mmoja wao hata akasema yule baba hakupotea, alikuwa anajificha, ndiyo maana hakutuma neno.

Alisikiliza nyingine na nyingine, jua likiingia kwa dirisha upande wa magharibi, mpaka akaifikia ya Esther-Divine.

"Baba yangu hayuko nyumbani. Mama anasema alikufa, lakini hakufa. Watu wa pori walimubeba awabebee mizigo, akakimbia. Iko kwenye kibanda cha shamba ya marehemu bibi, ng'ambo ya muto. Mama anamupelekea bugali. Yake haikauki, anaikula yote."

Émérance aliizima. Alikaa na ile tableti mapajani. Hasira aliyokuwa nayo kwa wazazi ilikuwa imepotea, na mahali pake palikuwa na kitu kibaya zaidi. Akakumbuka Waridi akimuuliza kama yeye ndiye aliyemfundisha mtoto. Akakumbuka jinsi alivyojibu, kwa fahari.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Waridi. Mlango ulifungwa kwa kamba. Hapakuwa na chungu nje, wala kinu. Jirani alisema wameondoka asubuhi, hawakusema wanaenda wapi, na yeye hakuuliza. Akamtazama Émérance kwa namna ya mtu anayemwomba aondoke mbele ya nyumba yake. Njiani alisikia mengine. Mmoja alisema kuna wanaume wawili wenye pikipiki, wageni, waliouliza juu ya kibanda ng'ambo ya mto. Mwingine alisema hakuna aliyekuja, ni watu tu wanatunga. Émérance hakuweza kujua ipi ni kweli, na yeyote ambaye angeweza kumwambia hakumwamini tena.

Alizihamisha tableti zote kutoka shuleni, akazifungia chumbani kwake.

Hervé alifika mwisho wa mwezi, amejaa vumbi mpaka nyusi. Alikuwa kijana mchangamfu, anayejua majina ya watoto wa kila shule. Alifungua sanduku, akalikuta tupu. Direkta Antoine, mkuu wa shule, akaitwa. Ndipo Émérance akasema kwamba tableti ziko kwake na hatazitoa mpaka ajibiwe.

Hervé alimtazama direkta, kisha akamtazama yeye. Alisema, kwa upole ambao haukuficha kitu, kwamba kuna shule moja ambako tableti zilipotea hivyo hivyo, zikaonekana baadaye kwa wachuuzi wa Salamabila. Antoine akamwambia Émérance asilete aibu. Akamuuliza kama wazazi wamemtuma, au kuna mtu amemwahidi kitu.

"Sauti zinafika wapi?" Émérance akauliza.

"Kasongo."

"Halafu?"

"Halafu Kindu, nafikiri. Halafu sijui. Ulaya, labda. Kuna watu wanazipima."

"Nani anazisikiliza kabla hazijafika?"

Hervé akasema hakuna. Lakini alisema haraka, na mkono wake ukaenda mfukoni kwenye simu, ukatoka mtupu. Émérance alikuwa amezoea watoto wa miaka minane wanaosema hawakula sukari. Akaenda nyumbani, akarudi na tableti moja tu, akaiweka juu ya meza ya direkta, akawasikilizisha sauti ya Esther-Divine.

Ilipokwisha, Antoine alitoka nje akasimama barazani. Hervé hakuondoka kitini. Uso wake ulikuwa umebadilika chini ya lile vumbi.

"Ndugu Hervé," Émérance akasema. "Hii uliisikia?"

Alikubali kwa kichwa. Katika safari zake analala mahali pengi ambapo hajui mtu, akaeleza, na majibu ya watoto yanachekesha. Mtoto anasema mbuzi wao anaogopa direkta. Mwingine anasema nyanya yake anakoroma kama moto iliyopanda mlima. Basi anazihamishia kwenye simu, na jioni, kwenye nyumba za wageni, anawachezea watu. Wanacheka, wanamnunulia kinywaji, anapata marafiki.

"Na hii, uliicheza wapi?"

"Salamabila."

"Walikuwepo nani?"

"Wachuuzi. Wachimbaji. Watu tu." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Ilikuwa ya bugali, madamu. Nilicheza kwa sababu ya bugali. Mutoto anasema haikauki, anaikula yote. Walicheka. Mimi sikusikiliza yale mengine."

Émérance alimwangalia sana. Alitaka kumwona muongo, maana muongo angekuwa rahisi zaidi. Alichokiona ni kijana aliyesikia habari nzima na kushika neno moja la kuchekesha, sawasawa na watoto wake kabla ya tableti kuja. Lakini hata hilo hakuliamini kabisa. Alijua kwamba mtu aliyeuza sauti ile angekuwa na maelezo yaleyale, na uso uleule.

Alimwita Mzee Faradji na watu wa komite. Akawaambia yote, isipokuwa jina la mtoto na mahali pa kile kibanda, kisha akazileta tableti zote. Hervé alitoa kadi ndogo za kuhifadhi sauti, moja moja, kutoka katika kila tableti, na akafuta zile zilizokuwa kwenye simu yake huku Faradji amesimama nyuma ya bega lake. Faradji aliomba kadi zichomwe. Hervé akasema atafukuzwa kazi. Faradji akamjibu kwamba hilo atalieleza Kasongo, na kwamba yeye yuko tayari kusaini pamoja naye. Zikachomwa kwenye mbabula, jiko la makaa la mwanamke anayepikia walimu, zikatoa harufu mbaya iliyowakohoza wote.

"Hizi tumeona," Faradji akasema. "Zile zilizokwenda hatukuona."

Baadaye ofisi ya Kasongo ilituma neno kwamba sauti zote za Wamaza zimefutwa, na Hervé ameondolewa kwenye njia ile. Faradji aliusoma ujumbe kwenye simu ya direkta, akauliza sauti iliyofutwa inaonekanaje. Hakuna aliyeweza kumwonyesha.

Émérance alitaka tableti zirudishwe zilikotoka. Cha ajabu, Faradji ndiye aliyekataa. Alisema mjukuu wake sasa anamsomea habari na kumuuliza maswali, na akijibu ovyo mjukuu anacheka. Alichotaka ni kuona kwa macho yake. Akaletewa kiti, akakaa nyuma ya kalasi juma zima, vya kusikilizia vimefunika masikio juu ya kofia yake, anasoma kila habari tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi wa baiskeli akabandika kiraka cha mpira juu ya kila tundu la kuingizia sauti. Hervé, kabla hajaondoka, alikuwa ameshasema kwamba kunasa sauti kumezimwa. Viraka vilibandikwa hata hivyo.

Watoto walirudi kidogo kidogo, si wote. Habari ikifika mwisho, Émérance alizizima tableti na kuuliza mwenyewe, na aliuliza juu ya watu wa ndani ya habari: kwa nini mama huyu alinyamaza, nani hapa anasema uongo, umejuaje, nionyeshe mstari. Alikuwa akihofu kwamba somo litapoa. Halikupoa. Watoto wa Wamaza walikuwa wepesi sana wa kumshuku mtu wa kitabuni, na kila mmoja alikuwa na mstari wa kuonyesha. Ila yeye ndiye aliyebadilika. Mtoto akianza kusema "kwetu," alijikuta amemgeukia mwingine haraka.

Habari za Waridi hazikuja. Watu wakipita ng'ambo ya mto walisema kile kibanda kimeungua. Wengine walisema ni moto wa mashamba, maana ni kipindi cha kuchoma majani, na vibanda vingine viliungua pia. Hakuna maiti iliyoonekana. Émérance aliuliza mara moja tu, kisha akaacha, kwa sababu aliona jinsi watu wanavyomweka akilini kila anayeuliza.

Mwaka uliofuata aliitwa mjini Kabambare kwa mkutano wa walimu. Asubuhi, akitafuta kitu cha kula, alipita sokoni, na katika mstari wa wauza mboga akamwona Waridi. Amekonda, amefunga kilemba kwa namna nyingine, lakini ni yeye. Miguu ya Émérance ilikwenda yenyewe.

"Mama Esther."

Mwanamke aliinua macho. Yalikuwa yaleyale yaliyomtafuta usoni siku ile dirishani, na safari hii hayakutafuta kitu.

"Umenifananisha, madamu. Mimi siitwi hivyo."

Nyuma yake, kwenye gunia, mtoto wa kike aliyevaa sare ya shule alikuwa amekaa na kitabu magotini, anasoma kwa midomo iliyofungwa. Alikuwa amemsikia mwalimu, maana kidole chake kilisimama kwenye mstari. Hakuinua kichwa. Pembeni kulikuwa na sahani mbili zilizofunikwa, na jozi ya viatu vikubwa vya plastiki ambavyo vingeweza kuwa vya mwanamume, au vya mama mwenyewe, vya kuvaa njia ikiwa na matope.

Émérance aliondoa macho kwenye vile viatu.

"Unisamehe, mama," akasema. "Nilidhani ni mutu mwingine."

Akanunua fungu moja la sombe, ingawa hakuwa na mahali pa kuipika. Waridi akamfungia kwenye jani, akampa kwa mikono miwili. Kidole cha mtoto kilianza kutembea tena kwenye mstari, kikafika mwisho wa ukurasa, akaugeuza. Émérance akaenda mkutanoni, na alipoulizwa na wenzake kama Kabambare amekutana na mtu anayemjua, akasema hapana.